Mashine Iliyokufa Kila Mustari wa Pili

Tukiwa hatukati, ile mashine ya kukata majani ilikuwa muzima. Ilizunguka uwanja wa shule kama trakta ndogo yenye majivuno, mimi nimekaa juu yake, diplome yangu ya serikali iko nyumbani ndani ya sanduku. Lakini nikiteremsha visu tu, mustari wa kwanza inakata, mustari wa pili inaanza kupumua kama muzee anayepanda kilima, na karibu na goli inazimika. Kila mara. Wiki nzima.

Ilikuwa wakati wa mvua, majani yamefika magotini, na Jumamosi wazazi walikuwa wanakuja kwenye mukutano. Papa prefe, mukubwa wa shule, aliniambia mara moja tu: "Mama, Jumamosi uwanja ukiwa bado pori, mashine nampa sentineli." Hiyo njo ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nizae.

Sentineli, mulinzi wa geti, aliitaka mashine kama muntu anavyotaka bibi ya mwenzake. Ikizimika tu, huyu hapa, anafungua tangi ya mafuta, anachungulia. "Esanse iko." Anafunga. "Washa, Mama." Nawasha, inanguruma. "Umeona? Inajua mukono ya mwanaume."

Mustari wa pili, kimya.

Alikuwa na maelezo yake. Mutoto wangu wa miezi mitano alibaki na mama mukwe kwenye baraza ya darasa, na kila mashine ikizimika nilienda kumunyonyesha, maana nifanye nini kingine? Nikirudi, sentineli ameshachungulia, inawaka. "Inamuonea mutoto wivu," alisema mbele ya walimu, bila kucheka. "Moteri haipende mama wa maziwa." Mwalimu wa fizikia akaitika kwa kichwa.

Hasira ilinishusha mpaka bandarini, nikamuita fundi wa moteri za pirogue, mitumbwi ya wavuvi. Alifanya kazi kweli, sitamusengenya. Bugi inayotoa cheche alisugua, chujio la hewa alikung'uta, akalala chini akakwangua majani yaliyoganda kuzunguka visu. Kisha akafungua tangi. Chini ya kifuniko kulikuwa na sashe nyeusi, kamufuko ka plastiki, imekunjwa mara mbili, imebanwa vizuri. Akatabasamu.

"Nani ameweka hii?"

"Ni mimi. Juu ya mvua, maji yasiingie, kama kwenye pirogue ya baba."

"Angalia muntu wa maji huyu!" Akaitoa, akaikagua, akasema imechoka, akaweka yake mupya, nzito zaidi. Akakaza kwa nguvu.

Mustari wa kwanza ilikata kama wembe. Walimu wakamupigia fundi makofi. Katika mustari wa pili, hata goli hatukuliona.

"Basi ni majani," fundi alisema, anakusanya spana zake. "Mashine ilizaliwa kwa majani ya Ulaya. Haya ya kwetu ni ya kiburi."

Ijumaa saa tisa nilikaa juu ya mashine iliyokufa, katikati ya uwanja ulionyolewa nusu, blauzi imelowa maziwa. Sentineli akaita toka getini: "Nikuje nichungulie?"

"Usiguse!" Nilipiga kelele mpaka mutoto akaamka. Kwa hasira tu, kumunyima ile raha yake, nikafungua tangi mwenyewe.

Fyuuu. Tangi ikavuta hewa kama muntu aliyetolewa kichwa majini.

Nilibaki na kifuniko mukononi. Kwenye pirogue ya baba, mupira wa esanse unaingia ndani ya bidoni, dumu la mafuta, kwa tundu lake lingine, hewa inapita pembeni. Sashe inazuia wimbi, haidhuru kitu. Lakini hii mashine inapumulia kifuniko. Iko na katundu kadogo pale juu, na mimi, binti ya muvuvi, nimeiziba pua. Visu vikiwa juu, inakunywa kidogo, inavumilia. Ikikata, inakunywa sana, na esanse haishuki tena. Kila aliyechungulia aliipa pumzi moja, kisha akaifunga pua tena, kwa heshima. Wiki nzima watu wote wameiona ile sashe na hakuna aliyeiona. Nani kwetu anafunga tangi bila sashe?

Sikuficha. Prefe alipopita nikamwambia: nimeiua mwenyewe.

"Sashe haizimishe moteri," sentineli akasema, haraka.

"Irudishe tuone," prefe akasema.

Nikairudisha. Nikateremsha visu. Papa prefe, koti na kravati shingoni, akatembea nyuma yangu ndani ya majani yenye maji, sentineli nyuma yake, kama tunasindikiza maiti. Mustari wa pili ikakata roho. Prefe akafungua mwenyewe. Fyuuu. Uso wake ukawa wa mutoto.

"Rudia."

Tukarudia. Mara ya tatu akamuita mwalimu wa fizikia, aje asikilize. Mwalimu akasikiliza, akaitika kwa kichwa. Sentineli alikuwa anafuta matope kwenye buti zake. Saa kumi ikapita. Mama mukwe akasimama kwenye baraza, mutoto analia mukononi mwake, ananiangalia kama mimi njo nimepanga huu muchezo.

"Papa prefe," nikasema, "mukutano ni kesho. Hii mashine ni ya nani?"

Alikuwa ameinama, sikio liko karibu na tangi. "Ni ya wewe, Mama, ni ya wewe. Mara moja ya mwisho."

Nikaichukua sashe, nikaikalia, nikawasha.

"Basi mutoke mbele ya visu."