Nyumba imehama, wenyewe wako kazini

Jamani, mume wangu amebeba nyumba akawaacha wenye nyumba porini.

Nyuki wangu! Wale wadogo wasiouma, wanaoishi ndani ya gogo kule Kitahana. Wachoma mkaa wanaumaliza ule msitu, nikasema hawa nawahamishia uani kwangu, Kibondo mjini.

Nikamtuma Baba Asha. Mwalimu, mtu wa Lindi. Nikamwambia ziba tundu lao kwa udongo, lifunge gogo kwenye boda, uje nalo taratibu.

Saa nane mchana huyo anaingia, meno yote nje.

"Mama Asha, hata mmoja hajanitoka!"

"Umeziba saa ngapi?"

"Saa sita. Nilitaka niiwahi mvua."

Saa sita! Si wote wako kwenye maua saa hiyo? Tundu huzibwa giza likiingia, wakisharudi. Huku kwetu hilo hata mtoto analijua, ndiyo maana sikumwambia.

Tumerudi Kitahana mbio, gogo mapajani kwangu. Tumewakuta wamejaa hewani palepale gogo lilipokuwa, wanazunguka tu, hawana pa kuingia. Nimeubandua ule udongo.

Sasa wanaingia mmoja mmoja. Na jua linazama. Na wale wa mkaa wanaanza upande huu kesho asubuhi. Hata kukaa chini siwezi.

Baba Asha kila dakika: "Nizibe sasa?"

Nimemwambia akiugusa huo udongo kabla sijasema, leo naye atalala nje.

Nimekosea?