Flashi ya Mama Sekela

Mimi napenda kujaribu vitu, na hicho ndicho kilichoniaibisha. Nina steshenari pale Msasani, Tukuyu. Jumatatu niliweka kwenye kompyuta programu mpya ya kuandikia, nione tu inafanyaje kazi. Ikaniuliza kama iwe inafungua nyaraka zangu zote. Nikabofya ndiyo, bila kujiuliza ile programu ya zamani itabaki na kazi gani.

Kesho yake Mama Sekela alishuka kutoka Kawetele na flashi yenye katiba ya kikundi chao cha wakulima wa ndizi. Halmashauri walikuwa wanaitaka siku hiyohiyo. Nilipoifungua, skrini ilijaa alama kama nyayo za kuku.

"Flashi yako ina virusi, mama," nikasema kwa sauti ya daktari.

"Virusi? Mbona binti yangu kaichapa jana tu."

Mwalimu aliyekuwa nyuma yake akanipa ya kwake. Nyayo za kuku. Naye nikamwambia ana virusi, kisha nikaanza kuihubiria foleni nzima usafi wa flashi. "Ngojeni niwaonyeshe faili safi linavyokuwa."

Nikafungua tangazo langu mwenyewe, lile lililobandikwa mlangoni: Tunaondoa Virusi.

Nyayo za kuku, juu mpaka chini. Na pale juu kabisa ya skrini, jina la programu yangu mpya.

Mama Sekela akainama akatazama. "Pole, mwanangu. Vya kwako umevipata lini?"

"Jumatatu," nikajibu.