Ini Haliliwi na Chai

Kigelegele nilikisikia kabla sijaiona nyumba yetu. Nilikuwa bado kichochoroni, mikate ya mofa ikiniunguza mkono, na sauti ile ikashuka kutoka dirisha la juu, ndefu, kali, ikitetemeka mwishoni. Nilisimama. Mama hakuwa amepiga kigelegele tangu baba afariki. Hata kwenye harusi za wapwa zake alikaa tu, mkono shavuni.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Dada yangu, daktari, alikuwa mkekani na simu yake, analia na kucheka kwa pamoja. Utafiti wake wa maradhi ya ini ulikuwa umechapishwa katika jarida la madaktari la ng'ambo.

Ili kigelegele kile kieleweke, lazima nimtaje baba. Alikuwa karani wa bandari, Kilindini. Alikufa macho yake yamegeuka manjano na tumbo limefura. Daktari alituambia ni kirusi cha homa ya ini, kilichokaa kimya katika damu yake miaka mingi. Lakini maneno ya daktari yalibaki hospitali. Siku ya tatu ya matanga, jirani wa mlango wa pili, shoga ya mama tangu walipokuwa chuo cha Kurani, alisema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Ini haliliwi na chai, jamani. Bandarini kuna mengi."

Baba hakuwahi kuonja pombe. Sentensi ile ilitoka ikaketi barazani, na mama akaacha kuketi huko.

Dada alikuwa bado msichana wa shule. Alisoma. Miaka ikapita, akarudi na makaratasi na msaidizi kijana kutoka bara, wakaanza kubisha milango ya Mji wa Kale wakiwauliza watu afya zao. Jioni ya kwanza msaidizi alileta majibu akiwa amekunja uso.

"Daktari, mtaa huu wote ni walevi. Mpaka bibi mmoja mwenye tasbihi."

Dada alimpokonya karatasi. Swali lilikuwa limeandikwa: *Je, unakunywa?* Na watu wa Mji wa Kale, waungwana, walikuwa wamejibu kwa ukweli. Nanywa, mwanangu, vikombe vitatu baada ya Alasiri. Nanywa sana, bila kahawa kichwa chaniuma.

Tulicheka mpaka mama akaja kutazama kuna nini. Kesho yake dada alibadilisha swali, akaongeza neno pombe, na milango ikafungwa usoni mwake. Mzee mmoja alimwambia, "Wewe binti wa nani, wanitukana kwangu?"

Ndipo akanijia mimi, niliyekuwa nimekwama katikati ya riwaya yangu ya kwanza. "Wewe si bingwa wa maneno? Nipe swali."

Nilijaribu siku mbili. Aliyelipata nusu yake ni mama, akichambua mchele bila kuinua macho. "Mtu hujificha kwa mamake kwanza," alisema. Nami nikaandika: *Je, umewahi kunywa kitu ambacho usingependa mamako ajue?*

Watu walicheka, na waliocheka walijibu. Wengine walikiri kwa minong'ono. Wengi waliapa hapana, na damu zao, zilipopimwa, zikawatetea: kirusi kwa huyu, kwa yule ini lililojaa mafuta kwa kisukari. Kulikuwa na maini mengi yaliyoumia ambayo wenyewe hawakujua hata harufu ya chupa.

"Na swali lenu limo," dada aliniambia siku ile ya kigelegele, akinionyesha simu. "Kwa Kiswahili, vile vile." Kweli lilikuwemo, katikati ya Kiingereza kizito, limekaa kama bibi harusi. Riwaya yangu haijavuka hata daraja la Makupa, kutoka hapa kisiwani. Sentensi ile ilikuwa imevuka bahari.

"Hodi!"

Alikuwa jirani wa mlango wa pili. Kigelegele kilikuwa kimemvuta. Mama alimkaribisha, akammiminia chai ya tangawizi, akamwambia dada, "Msomee shangazi yako. Kwa Kiswahili."

Dada alisoma, akifasiri polepole. Jirani alishika kikombe bila kunywa.

"Kunywa, shoga yangu," mama alisema. "Haili ini."

Jirani akafunika uso kwa ncha ya leso. "Nisamehe. Nilimdhulumu mumeo."

"Mimi nimekusamehe tangu zamani. Lakini ulilisema mbele za watu. Lirudishe mbele za watu."

Chini, barazani, wenzao walikuwa wameshakusanyika kwa kahawa. Jirani aliinuka, akajifunga buibui vizuri, akashuka ngazi moja moja. Mama alimfuata mpaka chini, mgongo umenyooka, nami nyuma yake. Jirani alitoka nje, akavuta pumzi, akasema, "Jamani, nisikizeni."

Mama, aliyebaki ndani nami, akaufunga mlango nyuma ya jirani, taratibu.