Asali Niliyoikana Mlangoni kwa Mkuu wa Chuo

Jamani, naisimulia leo kwa sababu wengi walioishuhudia wameshastaafu na wengine masikio yamekuwa mazito, maana kwa miaka mingi mtu akitaja tu neno asali mbele yangu nilikuwa natafuta sababu ya kutoka nje. Hata mke wangu aliisikia kwa watu kabla hajaisikia kwangu, akaninunia wiki nzima, si kwa aibu yenyewe bali kwa kufichwa. Basi leo nasema yote, chekeni mmalize.

Ilikuwa miaka ya sabini, muda mfupi tu baada ya watu kuhamia vijijini. Sisi asili yetu ni porini huko upande wa Kitahana, nyumba mojamoja, ya jirani unaona moshi tu, halafu likaja agizo tukahamia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari, mama akawa anapotea akirudi kisimani kwa sababu zote zimefanana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne (wa kwanza katika ukoo wetu, na nilihakikisha kila mtu anajua), nikaomba chuo cha ualimu kule Kasulu. Kwenye fomu, palipoulizwa kijiji unachotoka, nikaandika jina la kule kwetu kwa zamani. Sikuwa na nia mbaya, ni kwamba mwili ulikuwa umehama ila roho bado iko porini na mizinga ya baba.

Barua ikarudi. Ombi limekataliwa, kijiji alichokitaja mwombaji hakimo kwenye orodha, kwa hiyo uraia wake haukuthibitika, na kama ana la kusema afike mwenyewe na uthibitisho ndani ya siku kumi na nne. Miaka ile wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wengi upande wetu, na Kiha chetu na Kirundi vinaelewana vizuri kabisa, hivyo huwezi kusimama mbele ya ofisi ukasema nisikilizeni ninavyoongea mtajua mimi ni wa hapa. Halafu barua yenyewe ilikuwa imelala posta Kibondo siku tisa. Zilibaki siku tano, na nikizikosa basi chuo ndiyo kwaheri, nirudi kwenye muhogo na lile jina la msomi nililojipa mwenyewe.

Nikakimbilia kwa katibu wa kijiji, mtu mwema lakini mgeni kama sisi, akaniandikia kile anachokijua: kwamba nimehamia hapa mwaka uliopita. Nikaichukua kwa furaha, chini yake nikaandika rufaa yangu, sikufikiri kwamba barua ya kusema umehamia ndiyo itazaa swali la umetoka wapi.

Sasa baba. Baba yangu, Mzee Rusimbi, alikuwa mrina asali, mtu wa maneno machache, kusoma hajui, kuandika hajui. Usiku ule nilimsomea barua ya chuo. Asubuhi nikamkuta na kilindo, kile chombo cha gome la mti tunachowekea asali, kifuniko chake cha mti, amekijaza mpaka juu. Akaniambia, "Ukifika kwa huyo mkubwa, iweke mbele yake. Usiiache nje." Basi. Ndivyo kwetu ilivyokuwa, ukienda kwenye mji wa mtu asiyekujua unaweka asali mbele yake, naye anakigeuza chombo, anakitazama, ndipo anakukaribisha. Mimi na kidato changu cha nne nikaona ni mambo ya kizamani, lakini nani atabishana na Mzee Rusimbi, nikakibeba.

Nikapanda lori la maharage kutoka Kibondo, kilindo nimekipakata, barabara mnaijua, kila korongo kifuniko kinaruka kidogo na mimi nakikandamiza. Nikafika Kasulu jua linazama, nikapokelewa na Mzee Swedi, mwenye duka aliyekuwa akinunua nta kwa baba. Alipoona ule mzigo akauliza wa nani, nikamweleza, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "siku hizi wakubwa hawapokei hata ndizi mbivu. Utasema zawadi, wao watasema hongo, na badala ya chuo utakwenda kituoni. Niachie mimi hapa."

Nikamtazama. Huyu mzee alikuwa anaipenda sana asali ya baba, nikajua hapa kuna ushauri na kuna hamu, vimechanganyika. Nikakataa kumwachia. Lakini neno hongo lilishaingia kichwani, likakaa, na ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniharibia siku: nitakwenda nayo ili nisimwongopee baba, ila sitaiingiza ndani.

Asubuhi nikafika chuoni. Nje ya ofisi ya Mkuu wa Chuo kulikuwa na majembe ya wanachuo yameegemezwa ukutani, mengi, maana kila mtu alikuwa analima, na mimi nikaona hapo ni mahali pa akili sana. Nikakisukuma kilindo nyuma ya majembe. Kifuniko kilikuwa kimelegea kwa safari, nikakikandamiza kwa nguvu zote, asali ikanitoka katikati ya vidole, nikajifuta kwenye suruali (suruali yenyewe ya kuazima), nikatoa barua zangu mfukoni, nikabisha hodi.

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu wa mbali, si wa mkoa wetu, mwembamba, mpole kwa sauti lakini anayetazama mtu mpaka mtu anajihisi ana kosa. Nikamwamkia, akanikaribisha kiti, nikampa barua. Akaishika. Akasoma. Akataka kuiweka mezani, ikakataa kutoka mkononi. Akaikung'uta, ikabaki imening'inia kwenye kidole gumba. Akanitazama, nami nikatazama ramani ya Tanzania ukutani kwa bidii.

"Hii barua inasema umehamia," akasema alipofanikiwa kuibandua. Nikamweleza kijiji cha zamani, kijiji kipya, porini, barabara, nikajikanyaga, nikasema kule kwetu hakuna nyumba tena, zimebomolewa. Akasema kwa hiyo unatoka mahali ambapo hapapo, na wanaokujua ni watu waliokufahamu mwaka jana. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama kuna mtu yeyote hapa Kasulu anayeweza kusema huyu namjua kwao, nikamtaja Mzee Swedi, akauliza kama amewahi kufika kwetu, nikasema hapana, yeye hununua nta tu. Hapo nikaona chuo kinaondoka kabisa, tena kwa adabu.

Ndipo nyuki wa kwanza akaingia. Akazunguka, akatua kwenye barua. Wa pili akatua kwenye kidole gumba cha Mkuu. Wa tatu, sijui kwa nini hakuchagua kwingine, akatua kwenye paja langu, pale pale nilipojifuta, akaanza kutembea taratibu mtu na shughuli zake.

Nje nikasikia yowe. Kengele ya kazi ilikuwa imelia, wanachuo wamekuja kuchukua majembe, mmoja kavuta jembe lake na kilindo kikaanguka ubavu, kifuniko huko, asali huko, na nyuki wa Kasulu nzima nadhani walikuwa wanasubiri tangazo. Majembe yakatupwa, watu wakakimbilia uwanjani, karani wa ofisi ya pili akapanda mezani akajifunika kwa kitambaa cha meza, mwalimu mmoja wa kike akapita dirishani anakimbia na kiatu kimoja. Mkuu akafunga dirisha, akatoka hadi mlangoni, mimi nyuma yake. Pale uwanjani walikuwa wamesimama mbali wote, chuo kizima, wanatutazama.

"Asali hii ya nani?" akauliza kwa sauti ya kusikika.

Sasa nawaomba mnielewe. Kichwani mwangu nilikuwa naona hongo, kituo cha polisi, baba anasafiri na lori kuja kunitazama ndani. Akanigeukia. "Ndugu, ni yako?"

Nikasema, "Si yangu, Mkuu."

Nyuki alikuwa bado anatembea kwenye paja langu. Nina hakika chuo kizima kilimwona. Mkuu akatazama paja, akatazama kidole chake, akauliza tena, nikasema tena si yangu, hata sijui imefikaje, na hapo nikaongeza (Mungu anisamehe) kwamba nyumbani kwetu sisi hatujishughulishi na nyuki.

Wakamwita Mzee Kagoma, mtu wa shamba la chuo, Muha mwenzetu wa makamo, akaja na kijinga kinachofuka moshi, anatembea katikati ya wale nyuki bila haraka. Akawafukiza, wakapungua. Akakiinua kilindo, na kabla ya jambo jingine lolote akakigeuza kutazama kitako. Nikakumbuka kauli ya baba.

"Hii naijua," Mzee Kagoma akasema. "Mistari mitatu na duara. Mwenye alama hii ni Rusimbi wa Kitahana. Mizinga yake na yangu ilikuwa jirani porini kabla sijaja huku."

Mlioishi mjini labda hamjui: mrina asali anachoma alama yake kwa chuma cha moto kwenye kila mzinga na kila chombo, na mzinga wenye alama ya mtu hauguswi hata ukiwa porini peke yake. Mimi nilizaliwa nikiziona, hazikuwa kitu kwangu, sawa na mlango wa nyumba.

Mkuu akarudi mezani, mimi na Mzee Kagoma nyuma yake, akachukua fomu yangu, akasoma kwa sauti ya chini palipoandikwa jina la baba. Halafu akasema, "Ndugu, nakuuliza mara ya mwisho, na safari hii sikuulizi habari za asali. Baba yako ni nani?"

Machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zake nne. Nikasema baba yangu ni Rusimbi, asali ni yake, kaniambia niiweke mezani nikaogopa, nikaificha nyuma ya majembe, na nyuki tunao, tena wengi. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, nikipumua katikati ya maneno.

Mkuu akakichukua kile kilindo kwa Mzee Kagoma akakiweka chini ya meza nisikione. Akanisogezea karatasi na kalamu. "Mtu aliyesema si yake mara mbili siwezi kumwamini kwa mdomo," akasema. "Chora."

Nikachora mistari mitatu na duara, kisha chini ya duara nikaweka mkato mdogo. Mzee Kagoma akasogea, akasema hapo nimekosea, Rusimbi hana mkato. Nikamwambia upo, baba aliuongeza mwaka niliozaliwa mimi, ni wangu, kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Mkuu akainama chini ya meza. Alikaa huko muda ambao kwangu ulikuwa kama mvua nzima ya masika, akifuta asali kwenye kitako kwa kitambaa chake mwenyewe. Alipoinuka akamwonyesha Mzee Kagoma kwa kidole. Mkato ulikuwepo.

Mzee Kagoma akacheka mpaka akakaa chini. Akapiga makofi kunisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kana kwamba ndiyo kwanza nimefika, na akamweleza Mkuu kwamba asali ya namna hii hailetwi kumlainisha mtu, inaletwa ili mwenyeji ajue mgeni katoka nyumba gani. Mkuu akafikiri, akasema hata hivyo yeye hataionja, iliyobaki iende jikoni kwenye uji wa wanachuo wote mbele ya macho yao. Kisha akanirudishia barua yangu ya rufaa kwa kuishika pembeni kwa kucha mbili, akaniambia niandike nyingine, maana ile akiiweka kwenye faili sisimizi watamaliza kabati, na kwenye hiyo mpya niandike vijiji vyote viwili, na Mzee Kagoma aweke dole gumba kama shahidi. Jumatatu niripoti, na jembe.

Sikumbuki nilishukuruje. Nakumbuka nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta pale pale, nikapumua, nikasikia mwili umekuwa mwepesi, wanachuo wamenizunguka wanacheka na mimi nacheka nao huku nafuta kamasi. Jina nililipata siku hiyo hiyo. Miaka yote ya chuo nilikuwa Si-Yangu, nikipita bwaloni mtu anainua kijiko cha uji, "Si-Yangu, hii ya nani?"

Kazi ngumu ikawa kurudi kumwambia baba. Nilimweleza nje ya nyumba, akiwa anachonga mzinga, sikumficha hata lile la kusema hatujishughulishi na nyuki. Akaendelea kuchonga. Mama ndani ameshika mdomo kwa kanga ili asisikike akicheka. Baada ya muda baba akaweka shoka chini.

"Mwenzako katibu alikupa barua ukampa Mkuu mkononi," akasema. "Mimi sijui kuandika. Ile ndiyo ilikuwa barua yangu."

Akachukua shoka lake. Jambo lile hakulitaja tena mpaka anakufa, na kila likizo ilipoisha alinipa kilindo kingine, nami nilikipeleka mpaka mezani kwa Mkuu, nikakiweka, nikakigeuza mwenyewe kitako juu. Nimefundisha mpaka nimestaafu, nimeingia ofisi nyingi za wakubwa kuliko ile, na chochote nilichotumwa na wa nyumbani kwangu, hata kiwe kikapu cha viazi, nimekibeba mbele ya tumbo na kutaja aliyenituma kabla sijakaa.