Mlango wa Stoo

Mpishi wa mgahawa wetu, mama wa Kiromania, alianza kutukana tangu kitunguu cha kwanza. Kisu kikipotea, "dracu". Mafuta yakimrukia, "dracu". Ukimuuliza meneja yuko wapi, dracu ndiye anayejua. Yaani shetani. Alinieleza kwamba zamani, kwenye Kilatini, neno hilo lilikuwa joka tu. Tusi la uchi wa mama wa mtu, hilo Waromania walilichukua kutoka kwa majirani zao Waslavi. Na ukiwaudhi sana wanatukana hata Pasaka ya mama yako! Mimi niliyelelewa kanisani kule Kakamega nilicheka hadi nikashika meza.

Lakini kila akishamtaja shetani alikwenda kugonga mlango wa stoo. Kwao watawa hugonga ubao kuita watu kusali, na shetani akisikia mlio huo hutoroka. Jikoni mwetu vyombo vya mbao ni marufuku kwa sababu ya usafi, hata vibao vya kukatia nyama ni vya plastiki, kwa hiyo ulibaki mlango huo tu, ambao ulikuwa wa mbao.

Nilimwonea wivu. Kazi yangu ilikuwa mbele, kumchekea kila mteja aliyeingia. Hapa Dubai ukimtukana mtu akaelewa, unaishia polisi, kisha unapandishwa ndege. Na ndege ndiyo niliyoitaka, jamani, ila si hiyo ya kufukuzwa. Mwanangu alikuwa ameanza shule na mimi namwona kwenye simu tu. Pasipoti yangu ilikaa kwenye droo ya meneja. Likizo niliahidiwa baada ya Ramadhani, halafu baada ya msimu wa joto.

Siku moja niliingia tena ofisini kwa meneja kuulizia likizo yangu.

"Next month, inshallah," alisema bila kuinua macho.

"Thank you, sir."

Asante ya nini? Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nilikwenda moja kwa moja jikoni nikaugonga ule mlango wa stoo kwa ngumi.

Mpishi aligeuka, mwiko wa chuma mkononi. "Umemtukana meneja?"

"Kimoyomoyo tu."

Nilidhani atacheka. Alifuta mikono kwenye aproni, akanisogelea, akanigonga kifuani taratibu kwa kidole.

"Basi shetani bado yumo humu," alisema.

Kule mbele mteja alikuwa ameshaingia. Nilinyoosha sketi, nikavaa tabasamu langu.

"Welcome, sir," nikasema, naye bado yumo.