Wakorea Wangu wa Saa Nane

Watu husema wanapenda tamthilia za Kikorea kwa sababu ya mapenzi. Wanampenda yule kijana mrefu anayemfunika msichana kwa mwavuli, na busu linalocheleweshwa mpaka sehemu ya kumi na mbili. Hizo mimi huzipitisha haraka. Mimi Wakorea nawapendea kisasi. Mtu anaonewa sehemu ya kwanza, ananyamaza, anaondoka, anajifunza kazi, anabadilisha nywele, na kufikia sehemu ya nane anakula meza moja na adui yake, akimpakulia wali huku akitabasamu. Hapigi kelele. Kinachonifurahisha ni ile subira yake.

Ninazo tatu ambazo nimezirudia mpaka binti yangu ananicheka. Moja ni ya mshonaji wa sanda katika enzi za wafalme, anayejua kila mkubwa alikufa kwa mkono wa nani. Ya pili ni ya wakili mwenye kigugumizi anayeshinda kesi zote isipokuwa ya baba yake. Ya tatu, ambayo ninaipenda kupita zote, ni ya binti ambaye mama yake alinyang'anywa na jirani aliyekuwa akila kwao mitungi ya sosi, ile mitungi mikubwa ya udongo wanayoipanga uani. Binti anarudi baada ya miaka mingi. Binti yangu hunijazia tamthilia hizi kwenye flashi, na chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza, ambayo mwalimu mstaafu kama mimi huyasoma bila shida.

Jirani yangu hapa Kiplombe ni mama mkongwe aliyepofuka kwa presha ya macho. Wajukuu zangu humwita Shosho, yaani bibi. Kila siku saa nane, baada ya chakula cha mchana, hugonga lango kwa fimbo yake. Namshika mkono, namkalisha karibu na dirisha, namtilia chai. Kisha namsomea Wakorea. Nayasoma yale maandishi kimoyomoyo na kuyatoa kwa Kiswahili, nikibadilisha sauti: mama mkwe namsemea puani, mwenye kampuni namsemea kifuani. Shosho hucheka, hulaani, humwonya binti wa mitungi asimwamini mtu yeyote. Kanisani watu wananisifu kwa wema huo. Wema wenyewe haupo. Nimemchukia mama yule tangu nikiwa darasa la kwanza.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wazungu wakiuza mashamba na kuondoka, na watu wetu kutoka Mkoa wa Kati wakichanga kununua shamba moja kubwa upande wa Burnt Forest. Baba alikuwa ameshakufa. Mama aliingia kama mwanachama kwa jina lake mwenyewe, jambo lililowafanya wanaume wanong'one. Siku ya kugawana tulikusanyika mbele ya nyumba ya mzungu. Namba za vipande vya ardhi zilikuwa zimeandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa ndani ya kofia ambayo mwenye nyumba aliiacha ikining'inia barazani. Mwanachama alichukua kikaratasi, akampa msomaji, msomaji akakifungua na kutangaza namba, karani akaandika.

Msomaji alihitajika kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Siku hiyo alikuwa mwanamke kijana, mwanachama kama sisi na rafiki wa mama. Ndiye aliyekuwa akimsomea mama barua zake na kumwandikia majibu. Yeye alikuwa amechukua kikaratasi chake kabla ya wote, akakishika kiganjani, kwa kuwa zamu yake ya kutangazwa ilikuwa mwisho.

Nilikuwa nimesimama nimeshika nguo ya mama. Muhula ule ndio nilikuwa nimejifunza namba, na nilizisoma kila mahali, kwenye magunia, kwenye milango, kwenye lori lililotuleta. Mama alitia mkono kwenye kofia, akatoa kikaratasi, akampa rafiki yake. Kilipofunguliwa kilikuwa usawa wa macho yangu. Kiliandikwa kumi na mbili. Nikaona vidole vikikunja hiki na kukunjua kingine, kisha nikamsikia akitangaza kwa sauti nzuri ya kanisani: "Thelathini na moja."

Nilimvuta mama nguo. "Mama, hiyo ilikuwa kumi na mbili."

Mama alinifinya mkono. "Nyamaza. Watu wakubwa wanaongea."

Msomaji alinitazama mara moja, kisha akamwita anayefuata. Kofia ilipokwisha alitangaza namba yake mwenyewe, kumi na mbili. Watu wakampigia makofi, kwa sababu siku iliyotangulia sote tulikuwa tumetembezwa na kuonyeshwa vipande vyote, na kila mtu alijua kumi na mbili ndiyo yenye mto na udongo mweusi.

Thelathini na moja ilikuwa mwamba. Mama alipanda mahindi katikati ya mawe misimu miwili, kisha akaacha jembe akashika nyundo, akawa mponda kokoto. Kokoto ndiyo iliyonisomesha mpaka chuo cha ualimu. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilipondwa na havikukunjika tena. Kila Krismasi jirani yetu wa mtoni alituletea maziwa, na mama aliyapokea na kushukuru. Yangu nilikuwa nayamwaga nyuma ya choo. Sikuelewa ni vipi mama alimkaribisha mtu yule kwenye kigoda chetu, na nilidhani ni kwa sababu alimwamini rafiki yake kuliko mtoto wake. Hilo liliniuma kuliko shamba.

Miaka mingi baadaye, uchaguzi mmoja ulipogeuka moto, wenye mto na wenye mawe tulifukuzwa kule pamoja. Mama alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilijenga Kiplombe, na siku moja nikaona gari likimshusha msomaji wetu mlango wa tatu kutoka kwangu, ameshikwa mkono na mwanawe, hata ngazi haioni. Nilisimama dirishani nikachekelea. Sioni haya kuliandika. Jumapili iliyofuata nilimwalika chai, nikamkumbusha mimi ni mtoto wa nani.

Nilikuwa na mpango, kama Wakorea wangu. Nilimpa miezi minane ya uaminifu. Nilimsomea mshonaji wa sanda wote, nikamsomea wakili, kila neno sawasawa, mpaka akawa haendi popote saa nane isipokuwa kwangu. Akaniambia mimi ndiye macho yake. Ndipo nikaanza ile ya mitungi, na tulipofika sehemu ya kumi na tano, kwenye kioo binti alikuwa akifungua mtungi mtupu na kulia. Mimi nikasoma kitu kingine kabisa. Nilisoma kwamba binti anakumbuka siku ya kugawana mashamba, vikaratasi ndani ya kofia, mama yake mjane asiyejua kusoma, na rafiki wa mama anayefungua kikaratasi na kutangaza namba ya uongo. Sauti ya rafiki niliitoa vile vile alivyoitoa yeye, ile ya kanisani.

Nilikuwa namtazama usoni badala ya runinga. Shosho aliweka kikombe chini. Hakulaani mtu. Baada ya muda aliomba nimpeleke nyumbani. Jioni ile nilikula vizuri kuliko siku nyingi.

Kesho yake saa nane fimbo iligonga lango. Nilishangaa, lakini nilimkalisha na kumtilia chai kama kawaida.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ya jana si ya Wakorea. Hao watu hawajui mambo ya kofia."

"Ni yetu, Mama," nikasema.

"Ulikuwa umeshika nguo ya mama yako. Nilikuona ukisoma." Alipapasa meza mpaka akapata kikombe. "Nimekuja hapa hii miezi yote nikingoja useme. Kila siku najiambia, leo atasema."

Nilimuuliza kwa nini hakusema yeye. Akanipa jambo ambalo sikuwa nimelijua.

"Mama yako alijua. Alikuja kwangu asubuhi ya pili. Akasema, mtoto wangu hajui kudanganya, rudisha karatasi yangu. Nikamwambia atoke kwa boma yangu. Nikamwambia akienda kwa kamati nitasema amekuwa kichaa tangu bwana yake afe, na hakuna mtu atakubali mtoto wa darasa la kwanza. Na nikamwambia atafute mtu mwingine wa kumsomea barua. Akaenda. Hakurudia hiyo maneno tena."

Nilikaa. Kumbe mama aliniamini. Aliniamini siku ile ile, akanitetea mbele ya mlango wa mtu, akafukuzwa, akarudi nyumbani na hakuniambia, labda ili nisikue na chuki. Nimekua nayo hata hivyo. Niliyafikiria maziwa yote aliyoyapokea huku akijua, na vidole vyake, na nilitamani kumwagia yule mkongwe chai ya moto. Ninasema kweli, mkono ulishaishika birika.

"Yule binti wa mitungi," Shosho akauliza, "mwishowe alimsamehe huyo jirani?"

Ilikuwa imebaki sehemu moja tu, ya mwisho. Niliiweka birika chini, nikaiwasha sehemu hiyo kwenye runinga. Wakorea wakaanza kusema. Jirani wa mitungi alipiga magoti uani, binti akasimama mbele yake, wakaongea kwa muda mrefu sana, mmoja akilia. Maandishi yalipita chini moja baada ya jingine. Mimi sikufungua mdomo.

"Wanasema nini, Mwalimu?"

Niliongeza sauti ya runinga.

"Nani analia? Ni binti ama ni yule mwingine?"

Nikamwongezea chai. Alisogea mbele kwenye kiti, shingo ameinyoosha kuelekea sautini, akitafuta neno moja analolijua katika lugha ya watu wengine, mpaka muziki wa kumalizia ukapigwa na nikamrudisha kwake.

Anakuja bado, kila siku saa nane. Hataki tamthilia mpya. Anaomba niweke ile ile sehemu ya mwisho, naiweka, na ikifika pale uani ananiuliza kama alisamehewa. Mimi najua alichojibiwa yule jirani. Huwa nakisoma chote, polepole, kimoyomoyo.