Safu ya Msomaji wa Pili

Usiku ule mvua ilikatika mapema, kwa hiyo nilipoisikia tena ikipiga bati la bweni nilijua kwamba tayari nimelala. Nilijua, na bado nikainuka ndotoni kwenda kuitazama chupa.

Kwanza niseme chupa ni ipi. Shule yetu ilikuwa mlimani, kwenye baridi na ukungu, na maji tuliyateka bondeni kwa ndoo. Rafiki yangu Mwanaidi aliuchukia ule mteremko kuliko alivyochukia hesabu. Lilipotangazwa shindano la insha za utafiti wa sayansi kwa wanafunzi, alinifuata akasema tutaandika sisi wawili, na swali analo: je, mvua inayoangukia bati la shule na kumwagika bure ingetosha kututoa bondeni, kama bati lingewekewa mifereji na tangi? Mkuu wa shule akaahidi kwamba insha ikifika mkoani ataipeleka kwa wafadhili awaombe hiyo mifereji. Mimi sikuwa na hamu na mvua. Nilikuwa na hamu na Mwanaidi, maana ukiwa naye hata kusugua sufuria kulikuwa na mambo yake.

Tukakata chupa ya plastiki, tukaifunga rula ubavuni, tukaibana kwa mawe juu ya kisiki kifupi nyuma ya maktaba. Kila asubuhi tulisoma maji yamefika wapi. Sharti lilikuwa lake: mmoja asome, aandike, afunike namba kwa kiganja, halafu wa pili asome bila kujua mwenzake kaona nini. Ndiyo maana jedwali letu lilikuwa na safu mbili, ya msomaji wa kwanza na ya msomaji wa pili. Mimi nilipiga magoti kwenye tope mpaka jicho liwe sawa na maji. Yeye aliionea huruma sketi yake, akawa anainama tu kutoka juu, kwa hiyo namba yake karibu kila siku iliizidi yangu kidogo. Hapo ni ugomvi mpaka kengele. Alikuwa akiniambia nina choyo hata na mvua ya Mungu.

Likizo fupi akaenda kwao, akashikwa na homa, na hakurudi.

Nilirudi kwenye chupa peke yangu. Siku za likizo na za msiba niliziacha wazi kwenye jedwali, na hakuna aliyenilaumu. Fatuma, jirani yangu wa kitanda, alijitolea awe msomaji wa pili. Nikamwambia ahsante, sihitaji. Alinikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nikamjibu kwamba hapa hakuna chawa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku zile, mtu wa kujibu ovyo ili niachwe.

Nilichokuwa nafanya ni hiki. Nilipiga magoti, nikasoma, nikaandika kwenye safu yangu. Kisha nilizunguka maktaba nzima polepole, nikatokea upande wa pili kana kwamba ni mtu mwingine anayekuja, nikasoma tena, nikaandika kwenye safu ya Mwanaidi. Kila siku niliapa kwamba mara hii nitainama kama yeye, na kila siku nikajikuta nimepiga magoti. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba kule kuzunguka maktaba ndiko kulikuwa mazungumzo yangu ya siku.

Mwalimu wetu wa fizikia hakujua. Jioni ile, kabla sijalala, aliisoma insha akafurahi. Alisema safu mbili zinazokubaliana hivyo majaji watazipenda. Aliuliza msomaji wa pili siku hizi ni nani, nikasema yupo. Akaniagiza niongeze sentensi moja tu, kwamba vipimo vyote vilisomwa na watu wawili, na asubuhi angeipeleka wilayani. Nililala na karatasi chini ya mto, na ile sentensi sikuwa nimeiandika.

Basi ndotoni nafungua mlango wa bweni, na nje hakuna uwanja wa shule. Naingia nyumbani kwa kina Mwanaidi, siku ya msiba wake. Wanaume wameshaondoka na jeneza. Wanawake tumeketi jamvini, mvua inapiga bati hadi dua hazisikiki, kama ilivyokuwa kweli. Mama yake amenishika mkono na hauachii, kama ilivyokuwa kweli. Kisha ule mkono unakuwa mdogo na wa baridi, nami ninageuka, na aliyenishika ni Mwanaidi mwenyewe. Kavaa sweta ya shule nje-ndani, kawaida yake. Mkono wa pili ana kikombe cha chai, anakunywa chai ya msiba wake bila wasiwasi.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai panapostahili. Nilikuwa na mambo tele ya kumwambia: kwamba kitanda chake kapewa msichana anayekoroma, kwamba nikisikia kichekesho bado nageukia upande wake, kwamba nimemkumbuka hadi naumwa kifua.

"Umechelewa," ndicho nilichoweza kusema.

Akaweka kikombe chini. "Lete jedwali."

Jamvi likawa majani mabichi, na tuko nyuma ya maktaba, ingawa wanawake bado wameketi nyuma yetu na dua zinaendelea kwa sauti ya chini. Mwanaidi anapitisha kidole kwenye safu mbili, mstari kwa mstari. Pale juu, tulikotofautiana, anatabasamu kila anapofika, kama anayekutana na watu anaowajua. Kidole kinafika kwenye siku zilizoachwa wazi, kinavuka. Huko chini kinapunguza mwendo. Namba zinalingana. Zinalingana tena. Zinalingana hadi mwisho wa karatasi. Akaniangalia kwa huruma ambayo alipokuwa hai hakuwahi kunipa, maana tulikuwa tunataniana tu.

"Toka nife," akasema, "hatujagombana hata siku moja."

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza habari za mifereji, za tangi, za ule mteremko alioulaani kila asubuhi, kwamba bila safu ya pili insha itatupwa na wasichana wataendelea kubeba ndoo, kwamba nafanya yote haya kwa ajili yake. Nilisema sana, lakini maneno yalitoka bila sauti. Yeye alikuwa ameshainama juu ya chupa, kutoka juu vilevile, sketi kaikusanya isiguse tope. Anasoma. Nasubiri. Namba yake ndiyo niliyokuwa naingojea tangu niliposhuka kwenye gari la kutoka msibani, namba moja tu isiyotoka kichwani mwangu.

Akaifunika rula kwa kiganja.

"Nisomee hii tu," nikamwomba. "Moja tu, ya kwako."

"Mimi sisomi tena," akasema. "Tafuta mtu wa kugombana naye."

Kisha akaondoka kuizunguka maktaba, kwa njia ileile niliyokuwa nazunguka mimi. Nikasimama upande wa pili kumngoja. Mzunguko ule naujua, nimeupita kila asubuhi, najua mtu anapaswa kutokea baada ya muda gani. Muda ukafika, ukapita. Nimesimama, nimesimama, na kwenye kona ya maktaba hatokei mtu.

Nikaamka. Bweni lilikuwa kimya na mto wangu umelowa. Nililia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya jamvini, nikiwa nimeuma shuka nisiwaamshe wenzangu, kisha nikangoja dirisha liwe jeupe.

Kulipopambazuka nilichukua karatasi safi, nikaanza jedwali upya. Safu ya kwanza niliinakili yote. Safu ya pili niliinakili hadi mwanzo wa likizo fupi, nikaishia hapo, na chini yake nikaiacha tupu hadi mwisho wa ukurasa. Pale alipotaka mwalimu ile sentensi yake, niliandika: "Msomaji wa pili, Mwanaidi, alifariki. Baada ya hapo vipimo vilisomwa na mtu mmoja." Kuiandika kuliniuma kuliko kuambiwa. Nilikuwa nimeambiwa na watu wengi kwamba amefariki, lakini mwenyewe sikuwa nimewahi kulisema. Nilijua majaji huenda wakaikata insha alama, na mifereji ikaishia hapo. Nikaiacha ilivyo.

Kisha nikamtikisa Fatuma. Alikuja nyuma yangu hadi kwenye kisiki akiwa amejifunika blanketi, akilalamika baridi njia nzima. Chupani mlikuwa na mvua ya jana yake jioni. Nikamweleza sharti. Nikapiga magoti, nikasoma, nikaandika kwenye mstari mpya, nikafunika kwa kiganja. Fatuma akainama kidogo, akakunja uso, akaandika kwenye safu ya pili. Nikaondoa kiganja.

Hazikulingana.

"Umesoma vibaya," nikamwambia. "Piga magoti uone."

"Kwenye tope hili? Wewe ndiye umesoma vibaya."

Nikacheka, na kucheka kwangu kukageuka kilio palepale, nimeshika chupa kwa mikono miwili. Fatuma akaogopa. Alidhani nalilia namba, akashika kalamu akasema basi, yaishe, anafuta yake aandike ya kwangu.

Nikamshika mkono. Nikamwambia hapana, aiache yake.